Maswali ya Wasomaji: Fedha za kuwafundisha watoto waliojeruhika moyoni

SWALI: Ninaongoza shule ya msingi yenye walimu 12. Wanafunzi wetu wengi wamepitia makubwa: misiba, vipigo nyumbani, kuhamahama. Tumeandika maombi mawili ya fedha za semina ya walimu na chumba cha utulivu, na yote yamekataliwa. Tunakosea wapi?

JIBU: Mwalimu, semina na chumba ni vyepesi kuviombea, lakini ndivyo vinavyokufa mapema. Mwalimu hutoka kwenye semina ya siku mbili akijua kwamba mtoto anayerusha kiti huenda amejaa hofu. Jumatatu, mbele ya darasa lililofurika, sauti yake ya zamani inarudi, kwa sababu hajawahi kuonyeshwa la kufanya kiti kikiwa tayari kimeruka. Wafadhili wazoefu wamelipia semina nyingi za namna hiyo na wameona zinavyoishia.

Ombeni muda wa watu. Kwa walimu 12 mpango unaweza kwenda hivi: mafunzo ya siku 2 wakati wa likizo, kisha mkufunzi afike mara 9 mwakani, mara moja kwa kila mwezi wa masomo. Kila afikapo aketi nyuma ya madarasa ya walimu 4, halafu azungumze na kila mmoja kwa dakika 30. Mwisho wa mwaka kila mwalimu atakuwa ametembelewa mara 3. Mazungumzo hayo yanakula saa 18 za vipindi, kwa hiyo wekeni kwenye bajeti malipo ya mtu wa kushika madarasa. Wengi husahau mstari huu, na ukikosekana mazungumzo yanasogezwa hadi saa za kwenda nyumbani, mwalimu amechoka, na kufikia ziara ya tatu hakuna anayebaki.

Mkigawa fedha katika mafungu 10, tungeshauri 2 yaende kwenye mafunzo, 4 kwenye ziara za mkufunzi na mtu wa kushika vipindi, 2 kwa mshauri nasaha anayefika siku maalumu kila wiki, 1 kwa vifaa, na 1 kwa tathmini na dharura. Msimwondoe mshauri ili kupunguza gharama. Walimu wakishajifunza kutambua dalili wataona watoto wanaohitaji msaada uliozidi uwezo wao, na shule isiyo na pa kuwapeleka itakuwa imewabebesha walimu mzigo mwingine.

Vifaa ni vichache. Kona ya utulivu ndani ya darasa, mahali pa mtoto kujituliza, inahitaji mkeka, mito miwili, saa ya mchanga ya dakika 3 na kadi zenye sura za hisia. Inaharibika kwa neno moja tu: mwalimu akishapaza sauti "Nenda kona!", watoto wanaihesabu kuwa adhabu na hawataikaribia tena kwa hiari. Andikeni katika ombi kwamba mtoto huenda mwenyewe au hualikwa kwa sauti ya chini, na mwalimu humfundisha kuitumia akiwa ametulia, kabla hajapandwa na hasira. Sentensi kama hiyo inamwonyesha msomaji wa maombi kwamba mnaijua kazi.

Sasa takwimu. Maombi mengi hutaja utafiti wa Vincent Felitti, Robert Anda na wenzao, uliochapishwa Marekani mwaka 1998, kuhusu masaibu ya utotoni na afya ya ukubwani. Kuutaja si kosa. Kosa ni kuchukua dodoso lake na kuwahoji wanafunzi mmojammoja ili mpate namba ya kumvutia mfadhili. Mwaka 2020 Anda mwenyewe na wenzake walionya kwamba alama zinazotokana na dodoso hilo hazifai kumpimia mtu mmoja. Tumieni mnayoweza kuyahesabu bila kumgusa mtoto kidonda: mahudhurio, mara ambazo mwanafunzi ametolewa darasani, dakika za somo zilizopotea kwa vurugu, walimu walioomba uhamisho. Anzeni kuhesabu wiki 6 kabla ya mradi. Mwambieni mfadhili mapema kwamba matukio yanaweza kuonekana yameongezeka miezi miwili ya mwanzo, maana yaliyokuwa yakipita kimya sasa yanaandikwa. Asipojua, ripoti ya kwanza itamshtua.

SWALI: Mfadhili yuko tayari, ila anataka picha na visa vya watoto watatu. Sisi kamati tumegawanyika.

JIBU: Kataeni, kwa adabu na bila kusitasita. Mzazi anayetegemea shule hana uhuru kamili wa kusema hapana, hivyo saini yake haitoshi. Kubadili jina hakusaidii katika shule ndogo. Jirani atamjua mtoto kwa kisa chenyewe. Na mtoto anayesimulishwa yaliyompata mbele ya kamera huweza kuyapitia upya, jambo lile lile ambalo mradi unaahidi kulizuia.

Msimwache mfadhili mikono mitupu. Mpeni picha ya ratiba ya siku ukutani, maelezo ya mwalimu kuhusu alichobadilisha darasani, na jedwali la mahudhurio la kila muhula. Mnaweza kumwandikia hivi: "Tutakuonyesha kazi ya watu wazima na matokeo ya shule nzima. Habari za mtoto mmoja mmoja hatutoi, kwa kuwa kulinda siri zao ni sehemu ya kazi unayoifadhili." Akishikilia msimamo wake, tafuteni mwingine.

SWALI: Nafundisha darasa la tatu. Nianze na nini wakati fedha bado?

JIBU: Bandika ratiba ya siku kwa picha na uifuate, ikibidi kubadilika, watangazie asubuhi. Wasalimie mlangoni kwa majina. Kabla ya kubadili shughuli toa taarifa ya dakika 5, kisha ya dakika 1, kwa maneno yale yale kila mara, kwa sababu mtoto aliyezoea balaa za ghafla hushtushwa hata na agizo la kufunga daftari. Anayelipuka mpe nafasi, shusha sauti, simama ubavuni mwake badala ya kumkabili uso kwa uso, na maswali ya "kwa nini" yasubiri atulie. Andika tarehe ulipoanza na dakika zinazopotea kila wiki. Daftari hilo mpelekee mwalimu mkuu aliambatishe na ombi la fedha.