Maswali na majibu: Mvua ni ileile, mwegemeo mbona tatu?

Nina mvua kubwa kuliko zote ya siku moja kwa kila mwaka, miaka 30. Excel inanipa mwegemeo (skewness) wa 1.58, SciPy (maktaba ya Python) 1.50, e1071 (kifurushi cha programu ya takwimu ya R) 1.43. Nani ananidanganya? (Mwanafunzi, Embakasi)

Hakuna. Mwegemeo hupima jinsi mkia wa data, yaani thamani chache zilizo mbali na nyingine, ulivyovutwa upande mmoja, na wa mvua kali huvutwa kulia. SciPy, usipoiagiza vingine, hutumia fomula ya kawaida bila marekebisho. Excel hurekebisha kwa sababu sampuli ni ndogo: kwa miaka 30 huzidisha jibu la fomula hiyo kwa 1.053. e1071 huzidisha kwa 0.95. Chagua moja uitaje kwenye ripoti, maana msimamizi atauliza tu.

Nikifiti Gumbel (modeli ya takwimu ya thamani kubwa kuliko zote), mwegemeo wa modeli ni 1.14 kila mara, hata nikihama kituo cha mvua cha Dagoretti kwenda cha Wilson, hapa Nairobi. Programu imekwama?

Haijakwama. Gumbel ina vigezo viwili, cha mahali na cha ukubwa. Mwegemeo wake ni 1.14, upende usipende. Ukitaka mkia unaobadilika, tumia GEV, modeli pana inayoijumuisha Gumbel, yenye kigezo cha tatu, cha umbo. (SciPy hugeuza alama ya kigezo hicho: chanya huwa hasi, hasi huwa chanya. Imeshanipotezea jioni nzima.)

Data yangu ni ya miaka 10: 40, 45, 50, 52, 55, 58, 60, 65, 70 na 140, zote milimita. Bosi anataka nifute hiyo 140. Nifute? (Industrial Area)

Usifute kwanza. Ukiiondoa, mwegemeo unakuwa sifuri kamili. Ukiirudisha, fomula ya kawaida inatoa 2.18. Siku moja! Ni kwa sababu kila tofauti na wastani hupandishwa kipeo cha tatu, na 140 iko mbali na wenzake. Tena kwa thamani 10 fomula hiyo haiwezi kuvuka 2.67, hata ungeandika milimita 1,000. Kwa hiyo miaka 10 haikuonyeshi mkia wenyewe. Tafuta rekodi ndefu zaidi, na ujaribu L-momenti za Hosking, njia nyingine ya kupima umbo la data, ambazo hazipandishi vipeo.

Halafu fungua daftari la kituo. Kama Jumamosi na Jumapili ni patupu na 140 imeandikwa Jumatatu saa tatu asubuhi, huenda msomaji wa kipimamvua alikuwa mapumzikoni, akapima maji ya siku tatu kwa mpigo. Lakini kama siku zote zimejazwa, na vituo jirani navyo vilinyeshewa vibaya siku hiyo, 140 inabaki, bosi apende asipende.