Uliza Mafundi: Pipa la Igoma Linalosimamisha Saa

SWALI: Shikamooni mafundi. Hapa Igoma kuna kaka yetu, fundi redio, anayesema ametengeneza mashine ya kurudi wakati uliopita. Ni pipa la plastiki lililozungushiwa waya wa shaba toka chini hadi juu, linatumia betri ya gari. Nimeona kwa macho yangu: saa ya mezani ya mishale ikiwekwa ndani inasimama, akizima umeme inaendelea, imeshachelewa dakika nne. Saa ya babu ya kutia ufunguo nayo, tangu itolewe humo, inawahi dakika kumi na mbili kwa siku. Sasa anaomba kila mtu amchangie shilingi 50,000 ajenge kubwa zaidi. Ni kweli jamani?
*Msomaji, Igoma, Mwanza*

JIBU: Marahaba. Macho yako hayakukudanganya, saa ilisimama kweli. Kilichoisimamisha ni sumaku: waya uliozungushwa hivyo huitwa koili, na ukipita umeme hugeuka sumaku.

Ndani ya saa ya betri mna fuwele ya kwatsi inayotetema mara 32,768 kwa sekunde. Chipu huhesabu mitetemo hiyo, na kila sekunde hupeleka umeme kidogo kwenye koili nyembamba. Koili hiyo hugeuza nusu mzunguko kisumaku kidogo, gia zikafuata, mshale ukaruka. Kiweke kisumaku hicho ndani ya uga (eneo la nguvu ya sumaku) wenye nguvu kuliko wa koili yake, kitang'ang'ania kuelekea uga ule na hakitageuka. Fuwele inatetema kama kawaida, chipu inahesabu kama kawaida, ila mishale imekwama. Akizima, kisumaku kinaachiwa, saa inaanzia pale ilipokwamia. Dakika nne ulizoziona zimepotea ni zile tu ambazo umeme ulikuwa umewashwa.

Hakikisheni wenyewe kwa koili ndogo. Chukueni bomba la plastiki la inchi 4, urefu sentimita 30, na waya wa enameli wa milimita 1, ule wa mafundi wa kusuka mota. Zungusheni mara 500 kwa safu mbili, 250 kila safu. Zitaingia kama mita 180, uzito kilo 1.3 hivi. Ukinzani utakuwa karibu omu 4, hivyo kwa betri ya volti 12 inapita ampea 3, na katikati ya bomba mnapata kama militesla 6 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku). Hicho ndicho kiwango wanachopimia saa zenye kinga ya sumaku. Saa ya mezani ya bei rahisi haina kinga hiyo.

Wengi hukosea kwenye ncha za waya. Zikwarueni kwa msasa hadi shaba ing'ae, maana enameli haipitishi umeme na mtaishia kuilaumu betri. Fyuzi ya ampea 5 ikae karibu na betri. Pia fungeni dayodi (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ya 1N5408 sambamba na koili, upande wenye mstari uelekee chanya. Bila hiyo, mkizima koili inarudisha volti nyingi kwa mkupuo, swichi inatoa cheche na transista yoyote iliyofungwa kwenye waya huo inaweza kufa. Koili inakula wati 36 na zote zinageuka joto, kwa hiyo washeni dakika kumi, ipumzike ishirini.

Sasa wekeni saa ndogo ndani, uso wake ukitazama ukuta wa bomba. Itasimama. Kama haikusimama, izungusheni huku uso ukiendelea kutazama ukuta, mpaka mpate pembe inayoishika. Kisha igeuzeni uso utazame mdomo wa bomba: itatembea, umeme ukiwa bado umewashwa! Kisumaku kile huzunguka kwa kulala sambamba na uso wa saa, na uga unaopita kwenye mhimili wake hauwezi kukishika. Mwombeni fundi afanye hivyo mbele yenu kwenye pipa lake. Wakati ungekuwa umesimama humo, usingejali saa imetazama wapi.

Jaribio la pili, ambalo sisi tunalipenda zaidi, halina hata chembe ya chuma. Tafuteni chupa mbili za maji za nusu lita, mtoboe kila moja chini kwa sindano iliyopashwa moto. Legezeni vifuniko hewa iingie, jazeni maji ya ndoo moja, pimeni kila chupa inachukua muda gani kuisha. Rudieni mara tatu, kwa sababu matundu hayafanani na mara ya kwanza hewa hukwama tunduni. Halafu chupa moja ikae ndani ya pipa, nyingine nje, kisha mbadilishane. Tofauti ikiifuata chupa, sababu ni tundu. Ikilifuata pipa, shikeni maji kwanza: maji yenye joto hutoka haraka, na koili ni jiko. Pipa la kusimamisha wakati kwa dakika nne lingechelewesha na maji dakika nne zilezile. Wekeni pia saa ya tarakimu isiyo na mishale. Haina mota, nayo itaendelea kuhesabu mle ndani.

Mpaka maji yachelewe, msitoe hata mia. Mwambieni kwa heshima, maana mtu aliyesuka koili kubwa hivyo kwa mkono anajua kazi.

Saa ya babu inatibika. Springi yake nyembamba kama unywele imeshika sumaku, mizunguko yake inagandana, springi inakuwa kama imefupishwa, na saa inakimbia. Dawa ni koili hiihii ya bomba. Ondoeni betri na dayodi, fungeni transfoma inayotoa volti 12 za umeme wa AC (unaogeuka-geuka mwelekeo, kama wa ukutani), ampea 3. Pitisheni saa katikati, kisha ivuteni polepole hadi mita moja, ndipo mzime. Umeme wa AC hugeuza sumaku mara 100 kwa sekunde, na kadiri saa inavyotoka sumaku iliyobaki inafifia. Mkizima saa ikiwa bado ndani, mmeitia sumaku upya. Na koili hii msiichomeke moja kwa moja kwenye volti 230 za ukutani, itaungua na inaweza kuua.

SWALI: Nimenunua mtumba wa saa-redio kutoka Marekani. Naitumia kwa transfoma ya kushusha umeme, lakini kila saa moja inachelewa dakika kumi kamili. Imelogwa?
*Msomaji, Nansio, Ukerewe*

JIBU: Saa hiyo huhesabu mawimbi ya umeme. Marekani ni 60 kwa sekunde, kwetu ni 50, kwa hiyo dakika 60 zako inazihesabu 50. Transfoma hushusha volti tu. Angalia nyuma au chini kama kuna kiswichi cha 50/60. Kama hakuna, bakiza redio.

SWALI: Je, kuna kifaa chochote kilichowahi kubadilisha mwendo wa wakati kweli?
*Mwanafunzi, Sengerema*

JIBU: Vipo, tena vimepimwa. Mwaka 1971 wanasayansi wawili, Hafele na Keating, walisafirisha saa za atomu, zilizo sahihi mno, kuizunguka dunia kwa ndege za abiria. Zilizokwenda mashariki zilirudi zimechelewa nanosekunde 59 (nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde), za magharibi zimewahi 273. Mwendo hupunguza kasi ya saa, na anayekwenda mashariki huongeza mwendo wake juu ya ule wa dunia inayozunguka, wa magharibi huupunguza. Kuwa juu, mbali na mvutano wa dunia, huiongeza.

Hata hapo ulipo. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 hivi juu ya bahari, kwa hiyo saa kamilifu iliyowekwa ufukweni Mwanza huwahi nanosekunde 10.7 kwa siku kuliko ya ufukweni Dar es Salaam. Kwa miaka 70 ni kama robo ya elfu moja ya sekunde. Mwanaanga Sergei Krikalev, aliyekaa angani siku 803, kwa sababu ya mwendo wake alizeeka pungufu kwa karibu sekunde 0.02.

Setilaiti za GPS, zinazoisaidia simu kujua ilipo, ziko kilomita 20,200 juu yetu na saa zake huwahi mikrosekunde 38 (sehemu za milioni za sekunde) kila siku, nazo hurekebishwa kabla hazijarushwa. Kwa muda huo mwanga husafiri zaidi ya kilomita 11. Bila marekebisho hayo, saa za setilaiti zisingelingana na za duniani.