Redio mpya, spika kimya: angalia nyaya kabla hujanunua spika nyingine

Spika zilizokuwa zinapiga vizuri asubuhi, zikanyamaza jioni baada ya kufungwa redio mpya, mara nyingi ni nzima kabisa. Nilipofungiwa redio ya Android kwenye Toyota Spacio yangu, spika za nyuma zilinyamaza na za mbele zikakosa besi. Fundi akaniambia, "Kaka, hizi spika zimekufa, tutafute nyingine." Nilikataa, na nakushauri na wewe ukatae mpaka nyaya zikaguliwe.

Wengi wetu tunabadilisha redio kwa kulazimika. Gari likitoka Japani, FM yake ya asili inaishia karibu na 90, na stesheni zetu zinakwenda hadi 108. Basi soketi ya kiwandani inakatwa, nyaya zinasokotwa, na hapo ndipo shida inapozaliwa.

Kwanza fungua mipangilio ya sauti kwenye redio, pale unapochagua sauti ielekee mbele, nyuma, kushoto au kulia. Rudisha katikati. Ni dakika moja tu, na kuna watu wametoa dashibodi nzima kwa ajili ya hilo.

Kama bado kimya, soma rangi za nyaya. Redio nyingi za madukani zina mpangilio unaofanana: njano ni betri moja kwa moja, nyekundu ni umeme unaokuja ukiwasha swichi, nyeusi ni ethi, yaani waya unaofungwa kwenye bodi ya gari. Nyeupe ni spika ya mbele kushoto, kijivu mbele kulia, kijani nyuma kushoto, zambarau nyuma kulia. Wenye mstari mweusi ni hasi ya spika hiyo hiyo.

Sasa ukija upande wa gari, Toyota nyingi zina rangi zao. Nyeusi na njano ni spika ya nyuma kushoto. Nyekundu na nyeupe ni ya nyuma kulia! Fundi anayeunga rangi kwa rangi anapeleka nyaya za umeme wa redio kwenye spika. Na umeme wa betri ukifika kwenye spika ya omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), zinapita kama ampea 3 mfululizo, na koili, ule waya mwembamba uliozungushwa ndani ya spika, inaungua kweli. Kwa hiyo tafuta mchoro wa nyaya wa modeli yako, usiamini rangi peke yake.

Jambo jingine ambalo mafundi wengi bado wanalikosea: hasi ya spika si ethi. Redio za sasa zinaisukuma spika kwa nyaya zote mbili. Ukifunga hasi kwenye bodi ya gari, redio itakata sauti kujilinda, na isipojilinda itaungua. Kila spika ipate nyaya zake mbili kutoka kwenye redio, basi.

Kupima hakuhitaji vifaa vya gharama. Chomoa soketi ya redio, chukua betri ndogo ya volti 1.5, ile ya saa ya ukutani, uguse nyaya mbili za spika kwa sekunde moja. Spika nzima italia "tak". Chanya ya betri ikiwa kwenye chanya ya spika, koni, ile sehemu ya spika inayotikisika, inasogea nje. Ikiingia ndani, nyaya zimegeuzwa. Spika moja ikigeuzwa hivyo, inavuta wakati mwenzake anasukuma, na besi inapotea. Spika zangu za mbele zilikuwa na tatizo hilo hilo, na za nyuma viungo vyake vilikuwa vimeachia.

Isipolia, fungua mlango upime kwenye spika yenyewe. Ikilia hapo, waya umekatika njiani, na mara nyingi ni ndani ya mpira wa bawaba, hasa mlango wa dereva unaofunguliwa kila saa. Ukiwa na mita ya kupimia umeme, spika ya omu 4 husoma kati ya 3 na 4. Isiposoma kitu, koili imekatika, na hapo ndipo ununue nyingine.

Redio ikiwaka lakini spika zote zikawa kimya, uliza kama gari lina amplifaya ya kiwandani, yaani kifaa cha kuongeza nguvu ya sauti. Waya wa bluu wenye mstari mweupe ndio unaoiamsha, na mara nyingi nimeukuta umeachwa unaning'inia.

Kuhusu viungo, mimi sitaki tena waya wa kusokota na kuzungushia tepu. Jua letu linachemsha dashibodi, gundi inayeyuka, nyaya zinagusana. Nunua soketi ya kuunganishia ya Toyota, yenye pini 10 na 6, ili nyaya za gari zisikatwe kabisa. Na kabla redio haijasukumwa ndani na kufungwa skrubu, mwambie fundi apeleke sauti kona moja moja, nawe usikilize kila mlango ndipo utoe hela.