Kabla Hamjaeleza Kura za Malindi: Maneno kwa Vijana Wapya wa Takwimu

Juma lililopita kijana mmoja wa kundi jipya aliniletea jedwali safi, lenye rangi tatu, likionyesha kwamba wapiga kura wa wadi ya Shella walibadili msimamo ghafla kati ya uchaguzi mmoja na uliofuata. Nililitazama mpaka kahawa ikapoa. Safu ya kwanza ilikuwa ya Shella yetu ya Malindi, kaunti ya Kilifi, na ya pili ilikuwa ya Shella ya Lamu, wadi iliyoko Lamu Magharibi, ng'ambo ya maji kabisa. Kijana alikuwa amekwisha kuandika aya mbili za sababu. Sikumgombeza, kwa kuwa nilijiona mwenyewe mwaka 2013. Lakini nimeona niandike, maana kila kundi linaloingia hapa hutumbukia katika shimo lile lile, na mimi nimechoka kunyoosha mkono wa kulitoa.

1. Ulizeni kwanza jina linafunika ardhi ipi.

Malindi ni mji, ni wadi, ni eneobunge, na zamani ilikuwa wilaya iliyobeba maeneobunge mawili, Malindi na Magarini. Bahari ilikuwa eneobunge la Kilifi, na leo ni wadi ya Lamu Magharibi. Haya mtayasoma mtikise kichwa mkidhani mmeelewa, kama nilivyotikisa mimi.

Baada ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013 nilipewa kazi ya kulinganisha matokeo ya eneobunge la Malindi na yale ya 2007, kituo kwa kituo. Niliiweka orodha ya zamani kushoto na mpya kulia, nikaiachia kompyuta ioanishe majina. Vituo vya Gede, Watamu na Dabaso havikupata wenzao. Mtu mwenye akili zake angesimama hapo akauliza vimekwenda wapi. Mimi nikajaza sifuri. Sifuri zile zikaingia kwenye grafu, na zilipofika kwenye grafu zikageuka kuwa habari, nami nikaanza kuitafutia habari hiyo sababu. Sababu hazikuwa haba. Usiku wa kuamkia uchaguzi ule kulitokea mashambulizi Mombasa na Kilifi yaliyoua maafisa wa polisi, na wito wa Mombasa Republican Council, kundi lililotaka Pwani ijitenge na Kenya, wa kususia kura, pamoja na ile kauli ya "Pwani si Kenya", ulikuwa midomoni mwa watu. Nikaandika kurasa nne nikieleza jinsi Gede na Watamu zilivyosusia uchaguzi. Ziliandikwa vizuri, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Nilizisoma mbele ya watu wapatao thelathini, katika ukumbi mdogo wa hapa mjini, panka moja likizunguka kwa kulalamika. Nilipomaliza, mzee mmoja wa Gede, aliyekuwa amekaa kimya na kofia yake gotini, aliomba nafasi.

"Mwanangu," akasema, "hebu nionyeshe mimi niko mstari gani hapo."

Nikamwonyesha sifuri. Akainuka taratibu, akaja mpaka mezani, akaweka mkono wa kushoto juu ya karatasi yangu. Kwenye kidole chake cha mwisho wino ulikuwa bado umebaki, umesukumwa na ukucha unaoota, mwembamba kama mwezi mwandamo.

"Nilipanga foleni tangu alfajiri," akasema. "Tulitiwa Kilifi Kaskazini. Hukuambiwa?"

Niliambiwa. Kila mtu aliambiwa. Mwaka 2012 tume ya uchaguzi ilikuwa imechora mipaka upya, maeneobunge ya nchi yakapanda kutoka 210 hadi 290, na upande ule wa kusini ukatolewa Malindi. Gideon Mung'aro, aliyekuwa mbunge wa Malindi tangu 2007, alikuwa amechaguliwa siku ile ile ya Machi kuwa mbunge wa Kilifi Kaskazini, na jina lake nilikuwa nimeliandika kwa mkono wangu katika karatasi nyingine bila kushtuka. Watu hawakucheka, na laiti wangecheka. Mzee alinipigapiga begani, akarudi kukaa, na mimi nikakunja kurasa nne mbele ya watu thelathini.

Kwa hiyo eneobunge la leo lina wadi tano, nazo ni Jilore, Kakuyuni, Ganda, Malindi Mjini na Shella, na anayetaka kulinganisha na 2007 ajenge upya eneo la zamani, kituo kimoja baada ya kingine, au aache.

2. Nafasi tupu si sifuri. Sirudii.

3. Mkiandika "2017", semeni ni tarehe 8 Agosti au 26 Oktoba, kwa kuwa kura ya pili ya urais ilisusiwa na Raila Odinga na kuichanganya na ya kwanza ni kuharibu zote mbili.

4. Msimfuate mtu mkadhani mnafuata kura.

Tazameni kiti cha Malindi: Mung'aro mwaka 2007, Dan Kazungu 2013, Willy Mtengo katika uchaguzi mdogo wa tarehe 7 Machi 2016 baada ya Kazungu kuteuliwa waziri wa madini, Aisha Jumwa 2017, Amina Mnyazi 2022. Ni watu watano, na wote waliingia kwa tiketi ya chama cha ODM. Kijana mgeni huona hapo eneo lisilobadilika. Mimi naona eneo linalobadilisha mbunge kila mara bila kubadilisha chama, ambapo mchuano wenyewe mara nyingi huishia kwenye mchujo wa ndani ya chama, kabla sanduku la Agosti halijafunguliwa. Mung'aro alipowania ugavana wa Kilifi kwa Jubilee mwaka 2017 alishindwa na Amason Kingi wa ODM; alipourudia mwaka 2022, akiwa ODM, alishinda, na miongoni mwa aliowaacha nyuma alikuwamo Jumwa, aliyekuwa amehamia UDA. Lakini msiniletee insha kwamba watu wa hapa hupiga kura kwa mazoea. Nendeni Ganda mkaulize habari za hatimiliki za mashamba, mkae mpaka chai ya pili, ndipo mwandike.

5. Msikadirie tarakimu.

Mwaka 2022, kwa jirani zetu wa Magarini, Harrison Kombe alitangazwa mshindi kwa tofauti ya kura 21. Mahakama iliubatilisha uchaguzi ule, na Kombe akalazimika kurudi kwa wapiga kura tarehe 27 Novemba 2025, akashinda tena. Kituo kimoja huweza kuwa na wapiga kura hadi 700. Sasa mniambie, huyo anayeandika "takriban" katika safu ya Fomu 35A, ile ya matokeo ya ubunge ya kituo, anafanya nini katika ofisi hii?

6. Fomu ya kituo isomwe kabla ya jumla ya eneobunge, na picha yake ihifadhiwe mahali pawili.

Kijana wa Shella, jedwali lako lipo mezani kwangu, na rangi zake nimezipenda. Nalitaka tena Ijumaa asubuhi, safu ya pili ikiwa imefutwa. Hiyo ya Lamu usiitupe. Wapelekee wenzako wa Lamu, maana nao wamekuwa wakiitafuta.