Tangawizi ya maua kwenye nchi ya baridi

Wengi wanaopanda tangawizi ya maua (Hedychium) Uingereza huizika kama kiazi, na mwaka unaofuata isipochipua hulaumu baridi. Mara nyingi muuaji ni maji. Tunguu, yaani shina nene la chini ya udongo, likizikwa chini sana kwenye udongo unaotuamisha maji huoza Januari, kabla jalidi, yaani baridi ya kugandisha, haijalifikia. Libonyeze kwa kidole gumba: lililo zima ni gumu, ukilikwaruza linanukia tangawizi, lililooza linadidimia na kutoa maji ya kahawia.

Kwa hiyo lipande juujuu, mgongo wake ukifunikwa na udongo wa sentimita 2 au 3 tu, mahali penye jua na pasipo upepo, kama chini ya ukuta unaotazama kusini. Udongo uwe na mboji nyingi na upitishe maji. Kiangazi mmea huu hunywa na kula kwelikweli: usiuache ukauke, na uupe mbolea ya maji kila wiki 2, kuanzia Juni hadi mwisho wa Agosti.

Aina ndiyo inayoamua kama utaona maua. Anza na Hedychium densiflorum 'Assam Orange' au Hedychium 'Tara', yenye maua ya rangi ya machungwa. Zote mbili huvumilia baridi na huchanua mapema kiasi. Ile nyeupe yenye harufu tamu, Hedychium coronarium, ua la taifa la Cuba, inataka joto refu kuliko kiangazi cha Uingereza. Ukiipenda, na ni vigumu kutoipenda, iweke kwenye chungu. Mwezi Machi iamshie ndani kwenye nyuzijoto 18 hadi 20, maji kidogo mpaka ichipue, kisha itoe nje mwishoni mwa Mei jalidi ikishapita. Wiki hizo za mwanzo ndizo zinazoleta maua; bila hizo vichwa vya maua hutokea Oktoba na kunyauka bila kufunguka. Ndani ya nyumba ya kioo kagua chini ya majani: madoadoa ya rangi hafifu na utando mwembamba ni dalili ya utitiri mwekundu, unaopenda hewa kavu. Nyunyizia majani maji.

Shina huchanua mara moja tu, lakini usilikate likiwa bado kijani, maana ndilo linalolisha tunguu la mwaka ujao. Subiri jalidi iyaunguze majani, kata ukiacha sentimita 10, kisha tandaza majani makavu au maganda ya miti unene wa sentimita 15. Machi punguza matandazo.

Hapo ndipo subira inapohitajika. Machipukizi huweza kuchelewa hadi Juni, na wengi huwa wameshafukua Aprili na kukata kwa jembe macho ya tunguu (sehemu zinazochipua) yaliyokuwa hai. Kugawa tunguu nako kufanyike majira ya kuchipua, kila kipande kikiwa na macho 2 au 3, na jeraha likaushwe siku 2 kabla ya kupanda.