Mshauri rika anakaa mtaani kwetu. Nimkubali?

SWALI: Nina mimba ya miezi saba na natumia dawa za VVU tangu nilipopimwa kliniki. Muuguzi ameniunganisha na mama anayeishi na VVU awe mshauri wangu. Tatizo, anakaa Pasua kama mimi na tunakutana soko la Mbuyuni. Naogopa siri kutoka. Halafu yeye si nesi, atanisaidia nini? Tena nikijifungua napandishwa Kibosho kwa mama mkwe, nitakuwa mbali naye.
Mjamzito, Moshi

JIBU: Pole kwa mashaka, mama. Hofu yako ina msingi, na nianze nayo kwa sababu wengi huacha kliniki kimyakimya kwa sababu hiyo hiyo. Una haki ya kuomba mshauri mwingine. Mwambie muuguzi kwamba unataka anayetoka mtaa mwingine, na hudaiwi maelezo zaidi. Kama hakuna mwingine, kubalianeni mapema: mnaonana kliniki tu, haji nyumbani, na sokoni hakusemeshi mpaka umsalimie wewe. Mwambieni pia muuguzi ni simu ipi ipigwe ukikosa siku ya kliniki, na mpigaji ajitambulishe vipi akipokea mtu mwingine. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inataka siri ya majibu yako itunzwe, na kuivunja ni kosa. Ukisikia siri imevuja, mfikie mganga mfawidhi wa kituo.

Sasa kazi yake. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto, na kwa foleni ya asubuhi ninapata dakika chache sana na kila mama. Napima, natoa dawa, naandika kadi, naita mwingine. Mshauri rika amebeba mimba akiwa na VVU, amemeza dawa akiwa na kichefuchefu, amenyonyesha huku akisubiri majibu ya mtoto. Hayo mimi sina. Huko Cape Town, shirika la mothers2mothers lilianza mwaka 2001 kwa wazo hilo hilo la mama kumshika mkono mama mwenzake.

Lakini mipaka ipo. Mshauri hapangi dozi wala hatafsiri kipimo cha wingi wa virusi. Chukua mfano wa vidonge vya madini chuma unavyopewa kliniki: ukivimeza pamoja na dolutegravir, mojawapo ya dawa za VVU, tumbo likiwa tupu, vinaipunguzia nguvu. Meza vyote pamoja na chakula, au dolutegravir itangulie saa mbili kabla ya chuma, au ifuate saa sita baadaye. Swali la namna hiyo lilete kwetu. Na yeyote akikushauri kuacha dawa, awe mshauri au mchungaji, njoo siku hiyo hiyo.

Kuhusu Kibosho, hapo ndipo ninapoona unamhitaji kuliko unavyodhani. Wakati wa mimba mnakuja kliniki vizuri. Tunawapoteza baada ya kujifungua, mama akiwa migombani analetewa mtori, amezungukwa na mama mkwe na mawifi, na kila mmoja ana neno kuhusu mtoto. Atatokea wa kusema mtoto ana kiu, apewe maji kidogo au uji mwepesi. Usikubali. Kumchanganyia mtoto vyakula kabla ya miezi sita huongeza hatari ya kuambukizwa. Jibu lako lipo tayari na halifichui lolote: kliniki imesema maziwa ya mama tu hadi miezi sita. Mama yeyote Tanzania huambiwa hivyo, mwenye VVU na asiye nayo. Jizoeze kulisema kwa sauti ukiwa na mshauri wako kabla hujapanda.

Mambo madogo kama hayo ndiyo anayoyajua. Atakuambia uizungushie chupa ya dawa kitambaa isilie mkobani, na uziache dawa humo humo kwenye chupa yake, maana unyevu huziharibu. Atakusaidia kuchagua saa ya kumeza ambayo chumbani uko peke yako, na namna ya kumpa mtoto nevirapini ya maji, dawa ya kumkinga na VVU, kila siku kwa wiki 6 bila kuzua maswali. Omba dawa za kutosha muda wote wa kukaa huko, au barua ya uhamisho wa muda.

Bila matibabu, kati ya watoto 100 wa akina mama wenye VVU, 15 hadi 45 huambukizwa. Kwa matibabu idadi hushuka chini ya 5. Kushuka huko kunategemea usiache dawa muda wote unaonyonyesha, hata ukijisikia mzima kabisa.

Mtoto atapimwa damu ya kisigino akiwa na wiki 4 hadi 6. Majibu hayo yakiwa mazuri, bado safari inaendelea, kwa kuwa ananyonya. Kipimo cha kingamwili, yaani kinga ambayo mwili hutengeneza dhidi ya virusi, hufanywa akiwa na miezi 18, kwa sababu kabla ya hapo anaweza kuwa bado na kingamwili alizozipata kwako, kipimo kikadanganya. Kama wakati huo bado ananyonya, atapimwa tena baada ya kuacha ziwa. Tarehe hizo mpe mshauri wako akukumbushe kwa simu, na mkubaliane maneno ya kutumia: "kadi ya chanjo" inatosha.

Huduma yake ni bure, kama zilivyo dawa zenyewe. Akikuomba hela, hata ya nauli, tuambie.