Maji ya Mto Bubu yanageuka barabara ya vumbi

Swali: Shikamoo mwalimu. Nipo Bahi, nimeanza rangi za mafuta mwaka huu. Nimechora Mto Bubu mara tatu. Nikipaka maji ya bluu yanaonekana ya uongo, nikipaka ya kahawia yanakuwa kama barabara ya vumbi. Halafu picha ya kwanza imeanza kupasuka. Nakosea wapi?

Jibu: Marahaba. Bluu umefanya vizuri kuiacha. Bubu unateremka na udongo wa Kondoa, ule ule ambao mmomonyoko wake ulifanya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma uanzishwe mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye maeneo yaliyoharibika zaidi. Mvua zikishika, kahawia ndiyo rangi ya mto wako. Tatizo ni kuipaka namna moja kutoka ukingo hadi ukingo.

Simama ukingoni, tazama maji ya miguuni pako, kisha inua macho polepole hadi ng'ambo. Hapo karibu unaona tope lenyewe, maana unayatazama maji kutoka juu. Kadiri jicho linavyokwenda mbali, tope linafifia na anga inaanza kuonekana juu ya maji. Kwa hiyo mbele ya picha weka kahawia iliyoiva, na ukielekea ng'ambo iongezee kidogo kidogo rangi ile ile uliyopakia anga, ukiitia giza kidogo. Usichanganye rangi mpya kwa ajili ya maji. Mto na anga vitakataana.

Sasa mti. Maji maangavu hayashiki kivuli vizuri, lakini maji ya tope yanakishika kama ardhi. Kwa hiyo mgunga wa ukingoni unakupa vitu viwili: taswira yake, yaani sura yake inayoonekana majini, inayoshuka wima kuja upande wako, na kivuli, kinachokwenda kule jua linakokipeleka. Wanafunzi wangu wengi huvichanganya vikawa doa moja, na hapo ndipo maji yanapokufa. Taswira ya mti mweusi ifanye iwe nyepesi kidogo kuliko mti wenyewe. Ya yangeyange mweupe iwe na giza kidogo kuliko ndege. Ipake kwa kushusha brashi, kisha rangi ikiwa bado mbichi pitisha brashi kavu, safi, kwa ulalo. Mara moja tu. Ukirudia, umepata uji.

Kuhusu nyufa: rangi ya mafuta haikauki kwa maji kutoka. Mafuta yanavuta oksijeni ya hewani na kugeuka ngozi, taratibu. Tabaka la chini likiwa na mafuta mengi, bado linajongea wakati la juu limeshakaza, na la juu linapasuka. Anza na kahawia ya amba (umber, kahawia ya udongo) iliyolainishwa kwa tapentaini peke yake, inakauka upesi. Mafuta ya kitani (linseed), yale ya kuchanganyia rangi, yaongeze kwenye matabaka ya juu. Ile iliyopasuka usiipake tena juu, nyufa zitarudi.

Na tafadhali, matambara yenye mafuta ya kitani usiyakunje ukayarundika pembeni. Yanapata joto na yanaweza kuwaka yenyewe. Yaloweke kwenye ndoo ya maji.

Ukirudi mtoni nenda saa kumi na moja jioni. Saa sita jua liko utosini na kivuli cha mgunga kinajificha chini ya matawi yake, huna cha kuchora.